Kasa wa Nungwi

Mtahiniwa mpendwa, sikusimulii habari za daladala wala mandazi tuliyokula njiani. Msahihishaji amekwisha kuzichoka. Twende moja kwa moja Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, karibu na mnara wa taa. Hapo pana bwawa la asili ambalo maji yake hujaa na kupwa pamoja na bahari. Tangu 1993 wanakijiji huwatunza humo kasa walionaswa na nyavu, kisha huwarudisha baharini.

Kasa mmoja aliinua kichwa karibu na mguu wangu, akavuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, akazama tena. Nikanyamaza.

Mimi ni mtoto wa mvuvi. Utotoni nilimwona baba akivuta jarife, ndani yake kasa amekwisha kufa. "Kafa mwenyewe," alisema. Usiku tulimla. Nami miaka yote nafundisha darasani kwamba kasa ni reptilia, anavuta hewa kwa mapafu, bila kumkumbuka yule! Jarife lilimzuia kupanda juu. Alikufa maji.

Jioni nilimpigia baba simu, nikaishia kumwuliza hali ya bahari.