Baharia wa Kaputiei

Mpwa wangu, umeniuliza uwapeleke wapi hao rafiki zako wanaotaka kukodi chombo, wakae baharini wiki nzima wakizamia matumbawe, na ninajua umeniuliza kwa mzaha. Mzee wa Noonkopir, aliyezungukwa na ploti na vumbi la saruji, atajua nini cha bahari? Lakini kabla nyumba hizi za ghorofa hazijaota hapa, nilikula mshahara wa bahari miaka mingi kule Shimoni, pwani ya kusini, karibu na mpaka wa Tanzania. Vuta kiti. Jibu lako utalipata humo humo ndani ya hadithi.

Nilitoka hapa mwanzoni mwa 1978. Noonkopir ilikuwa vibanda vichache kando ya barabara ya Namanga: duka la unga na sukari, hoteli ya mabati iliyouza chai kwa senti hamsini, na nyuma yake nyika ya Kaputiei ikinyooka hadi mbuga ya Nairobi, ambayo upande wetu haikuwa na ua. Nyumbu walivuka wakala nyasi pamoja na ng'ombe wetu, wakarudi zao. Upepo ukigeuka kutoka Athi River ulituletea harufu ya kiwanda cha nyama cha KMC, damu iliyochemka na ngozi mbichi, nasi tuliizoea hata tukawa hatuisikii. Samaki kwetu hakuwa chakula. Bibi yako, Mungu amrehemu, alimweka fungu moja na nyoka, na nilipomwandikia kwamba namla kila siku alimwambia msomaji wa barua arudie sentensi ile, pengine amekosea.

Mombasa nilifikia kwa ndugu yetu mmoja aliyekuwa mlinzi wa usiku Mji wa Kale. Kaskazi ilikuwa inavuma, bahari imetulia, na chini ya ukuta wa Fort Jesus nikaona wanaume wamevaa mpira mweusi mwili mzima, mitungi mgongoni, wanatumbukia majini kinyumenyume. Nilidhani wanaadhibiwa. Ndugu yangu akanieleza kuwa wanafukua meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama pale 1697 Waomani walipoizingira ngome. Kazi yenyewe ilianza mwaka mmoja kabla sijafika, wataalamu wa kigeni wakishirikiana na makumbusho yetu. Nilikaa kwenye ngazi asubuhi nzima nikawatazama wakipandisha vyombo vya udongo, wakiviweka ndani ya maji mengine ili visikauke ghafla vikapasuka. Mpaka Mzee Kenyatta anafariki mjini humo humo, Agosti ya mwaka ule, na mji mzima ukanyamaza, mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka. Nilikuwa Shimoni.

Njia ya Shimoni wakati ule ilikuwa adha. Unavuka feri Likoni, unapanda basi hadi njia panda, halafu murram inayokutikisa matumbo hadi ufukweni. Ukipita Ramisi harufu ya miwa iliyoungua inakujaa puani, maana kiwanda cha sukari kilikuwa bado hai. Kisha ghafla ni mibuyu, mapango walimofungiwa watumwa, na mbele yako mkondo mwembamba wa maji, Wasini ng'ambo yake. Wasini ni kisiwa kisicho na gari wala kisima cha maji matamu. Wakati ule watu walikinga mvua kwenye matangi, na matangi yakikauka walinunua maji kutoka bara kwa madumu. Wenyeji wake, Wavumba, wana Kiswahili chao ambacho miezi ya kwanza nilikielewa nusu tu.

Nahodha aliyenichukua alikuwa mtu mfupi, mwenye jicho moja jekundu kwa chumvi, na hakupenda maneno. Kazi yangu ilikuwa kukumba ngama, kuvuta tanga na kubeba wageni wenye hofu ya kulowa viatu. Shilingi kumi kwa siku, na samaki wa kitoweo. Siku aliyogundua siwezi kuogelea hakucheka. Alisubiri maji mafu, siku mkondo ulipopungua nguvu, akaniteremsha kwenye maji ya kifua karibu na kisiwa kidogo cha Kisite, akanipa miwani ya kuzamia na mrija. "Temea mate kioo, sugua, suuza," akasema. "Pua umeshaifunga, basi isahau. Pumua kwa mdomo, polepole, kama mtu asiyedaiwa." Nikainamisha uso.

Sitakudanganya kwamba nilifurahi. Niliogopa, kwa sababu chini kulikuwa karibu mno na kulikuwa na watu wake. Kitatange mwenye milia ya manjano alikuja hadi kwenye kioo akanitazama jicho kwa jicho. Pono walikuwa wanakula jiwe, na niliwasikia kabisa, kwaru-kwaru, meno yao yakikwangua matumbawe, kama mbuzi kwenye magome ya mgunga. Mkunga alitoa kichwa shimoni, akafungua na kufunga kinywa. Nilipoinua uso, nahodha alikuwa ameshawasha sigara, anatazama upande mwingine.

Kuzamia kwa mitungi nilikuja kukujua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akipita na yoti yake kutoka Kilifi. Watu husema mitungi ile ina oksijeni. Si kweli, ni hewa hii hii tunayovuta, imeshindiliwa tu. Ufundi wake ulianzia kwa Wafaransa wawili, Cousteau na Gagnan, mwaka 1943, vita vikiwa bado motomoto. Bwana yule alishuka na chupa tupu ya plastiki iliyofungwa kizibo barabara, na alipofika chini akanionyesha: imebonyea, imenyweka. Kila mita kumi unazoshuka, maji yanakuongezea uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Ndiyo maana mzamiaji hapandi kwa haraka wala habani pumzi akipanda. Hewa iliyobanwa itatanuka ndani ya mapafu, na naitrojeni iliyoingia katika damu itatoa povu. Waambie rafiki zako hao. Wenye fedha nyingi huwa na haraka.

Bwana huyo alitaka kuvuka mkondo wa Pemba, akazamie kuta za miamba zinazoshuka ghafla gizani. Nahodha alitazama mawingu ya kusi, akatema mate, akasema hapana. Aliongezewa fedha, akasema hapana tena, kwa adabu zaidi. Tukaenda visiwa vya Mpunguti, kando ya Kisite.

Sasa jambo moja ambalo vitabu vya wageni hulipita mbio. Miamba ile ya Kisite ilitengwa na serikali 1973, na hifadhi ya taifa ya Kisite ni kilomita za mraba 28 ambamo mvuvi haruhusiwi hata ndoano. Kando yake, Mpunguti, uvuvi wa kienyeji uliachwa. Baba yake nahodha alikuwa akivua Kisite, na yeye pia, kabla ya kugeuka mbeba watalii. Hakuwa na chuki, ila hakuwahi kuita pale hifadhi, aliita "kwetu". Mgeni akilipa chakula cha kaa wa tangawizi na wali wa nazi pale Wasini, bei iliyozidi mshahara wangu wa siku nyingi, nahodha alihesabu kimya kimya ni changu wangapi wameachwa majini. Mimi nilimwelewa upesi kuliko wenzangu, kwa sababu nimetoka mahali ambapo simba hutoka mbugani usiku, akala ng'ombe wako, na asubuhi picha yake inauzwa Nairobi kwenye kadi.

Mwisho wa kazi yangu ulikuja kwa pande mbili. Agosti 1997 yalitokea machafuko ya Likoni, watu wakauawa, na wageni wakatoweka pwani yote. Kisha mvua za El Niño, na baada ya mvua, joto. Machi na Aprili 1998 maji yalikuwa vuguvugu kama ya kuogea. Nilizama Kisite nikakuta matumbawe meupe pe. Vile vijimea vidogo vinavyoishi ndani yake, vinavyompa tumbawe rangi na chakula, hufukuzwa joto likizidi digrii moja au mbili tu kwa wiki kadhaa. Baadaye weupe uliota ukungu wa kijani, na sehemu kubwa ikafa. Nahodha alitazama mara moja akapanda chomboni, akaniambia nirudi kwetu.

Nikarudi, nikakuta kwetu kunauzwa. Ranchi ya pamoja ilikuwa imegawanywa tangu 1988, kila mtu na hati yake, na ua unapanda kila upande. Mwaka 2000 ukaja mpango wa kulipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasijenge ua, nyumbu wapite. Wengine walichukua. Wengi walipiga hesabu ya ploti wakauza, na siwalaumu, karo ya shule hailipwi na nyumbu.

Basi, jibu lako. Malindi na Watamu, hifadhi za bahari za kwanza nchini, 1968, ni nzuri, lakini Malindi usiende mvua za masika zikishika. Huu Mto Athi wetu ukifika kule huitwa Sabaki, na udongo unaochimbwa huku kwetu humwagwa juu ya matumbawe ya watu. Utalipa nauli ukaone tope la nyumbani. Kisite nenda kati ya Oktoba na Machi, maji yakiwa maangavu, na ondokeni asubuhi kabla upepo haujaamka. Pomboo mtawakuta njiani, nahodha asiwakimbize. Matumbawe yamerudi kiasi, si kama yale, na wanakijiji wa Wasini wenyewe sasa wanayapanda kwa mikono wakishirikiana na watafiti. Msisimame juu yake na mapezi yenu.

Chombo kodi kwa mtoto wa nahodha wangu, nitakupa namba. Ana boti ya mashine siku hizi. Mwaka juzi alikuja hapa Noonkopir kuangalia ploti ya hamsini kwa mia, maana siku hizi hata Mvumba anataka kipande cha bara. Nilimtembeza siku nzima. Hakuuliza hati wala barabara, aliuliza maji. Nikamwonyesha kijana wa mkokoteni na madumu yake. Akauliza bei ya dumu, akaambiwa, akaanza kubishana naye palepale, akidai hata Wasini wanauziwa kwa bei nafuu. Walibishana mpaka kijana akapunguza shilingi tano. Ploti hakununua.