Safu ya Njiani: Nilivyonunua Mfumo wa Biashara Mara Mbili

Mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Duka alilianzisha marehemu baba mwaka 1996, likiwa na kaunta moja na stoo ya mabati. Leo tuna duka la mjini, stoo kubwa Igoma, tawi Geita na wafanyakazi 27. Wafanyabiashara wenzangu wameniuliza mara nyingi tulivyopata mfumo wa kompyuta unaotuendeshea kazi, na swali lao huwa ni lilelile: unaitwaje? Nimeamua kuandika kwa urefu, kwa sababu jina ndilo jambo la mwisho kabisa katika habari hii. Mimi nilianza na jina, na nililipia kosa hilo.

Hadi mwanzoni mwa 2022 kazi yetu ilikuwa kwenye vitabu vinne visivyosalimiana. Mzigo ulikuwa kwenye kaunta buku la stoo. Mauzo yalikuwa kwenye EFD, mashine ya risiti za kodi. Malipo ya Lipa Namba yalikuwa kwenye simu ya keshia. Mhasibu naye alikusanya alichopewa akakijaza kwenye Excel. Ritani ya VAT inatakiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kila mwezi usiku wa tarehe 18 na 19 hatukulala. Tulikuwa tunatafuta risiti, tunapigia watu simu, tunagombana. Mke wangu, ambaye ndiye anayesimamia fedha, alikuwa anatoka ofisini saa tano usiku. Nikajiambia kwamba tatizo letu ni kukosa programu.

Mifumo ya aina hii huitwa ERP. Jina hilo lilitolewa na kampuni ya utafiti ya Gartner mwaka 1990, lakini mzizi wake ni programu za miaka ya 1960 zilizokuwa zikipangia viwanda vya Marekani malighafi ya kununua na siku ya kuinunua. Wazo lenyewe ni rahisi: jambo liandikwe mara moja, pale lilipotokea, na kila anayehusika alione. Keshia akiuza, stoo inapungua, deni la mteja linajiandika, hesabu ya kodi inajazwa, hakuna anayenakili. Makampuni makubwa yamezoea hayo siku nyingi. SAP ya Ujerumani ilianzishwa 1972. Sisi wadogo na wa kati sasa tunaletewa Odoo iliyozaliwa Ubelgiji, ERPNext ya India ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, matoleo madogo ya SAP na ya Microsoft, na programu zinazotengenezwa na vijana wa hapahapa. Zote zinaahidi karibu mambo yaleyale.

Machi 2022 nilialikwa kwenye onyesho la programu moja, ambayo sitaitaja. Muuzaji alikuwa kijana msikivu na mwenye ufasaha. Ukutani alituonyesha grafu za rangi, faida ya siku, wateja wanaoongoza. Duka lake la mfano liliuza kalamu na madaftari, na kila kitu kilihesabika kimoja kimoja. Nilivutiwa, nikasaini jioni ileile. Leseni ya mwaka, kuisimika na mafunzo ya siku mbili vilinigharimu shilingi milioni 31. Sikumuuliza mzee wetu wa stoo wala keshia. Niliona ni jambo la kitaalamu, na kwamba mwenye kuamua ni mwenye mali.

Shida ilianzia kwenye nondo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.7. Tunainunua kwa tani, na tani moja hutoa kama vipande 94. Ya milimita 16 hutoa kama 53. Mteja hanunui tani, ananunua vipande saba vya kumwagia lenta. Misumari nayo huingia kwa katoni na kutoka kwa kilo, hata nusu kilo. Programu ile ilijua kipimo kimoja tu kwa kila bidhaa. Vijana wa stoo wakawa wanapiga hesabu pembeni kwa kikokotoo, kisha wanaingiza jibu. Aliyekosea alikosea tani nzima. Mashine ya EFD nayo haikuunganishwa, kwa hiyo mauzo yote yaliandikwa mara mbili. Foleni ikiwa ndefu keshia alitoa risiti ya TRA tu, halafu jioni akaingiza kwenye programu kwa kukumbuka. Mwisho wa mwezi tulikuwa na hesabu mbili badala ya moja, na hazikulingana.

Kilichonizindua kilitokea Novemba mwaka uleule. Mkandarasi wa Geita, mteja wetu wa miaka mingi, alihitaji nondo 60 za milimita 16. Alikuwa anafunga slabu, mafundi wake wako juu, gari la kokoto limeshashusha. Keshia wa Geita alitazama skrini: zipo 80. Akapokea hela, akakata risiti. Walipokwenda nyuma ya duka kupakia, walikuta vipande tisa.

Nondo zilikuwa juu ya fuso, na fuso lilikuwa kwenye foleni ya kivuko Kigongo. Lilitoka Igoma asubuhi ile, na programu iliuhesabu mzigo kuwa umefika Geita dakika ileile tuliyobonyeza kwamba umetoka. Ziwa lilikuwa limechafuka na magari yalikuwa mengi. Fuso lilivuka usiku. Mkandarasi alirudishiwa fedha yake, akanunua kwa jirani. Hakunitukana. Alinipigia simu akasema, "Kaka, wewe nilikuwa sikuulizi mara mbili." Maneno hayo yaliniuma kuliko hasara.

Kesho yake niliondoka mapema kwenda Igoma. Mzee wa stoo alianza kazi kwa baba, ananiita mwanangu mbele ya watu wote. Nilimwamkia, nikamweleza yaliyotokea. Hakujibu. Alifungua droo akatoa kaunta buku. Nilidhani tulishaacha kuandika humo tangu Aprili. Yeye hakuacha. Kila ukurasa aliupiga mistari kwa rula ukawa na safu tatu: iliyotoka, iliyo njiani, iliyofika. Nondo 71 za Geita zilikuwa kwenye safu ya katikati, kwa kalamu nyekundu, pamoja na namba ya gari na jina la dereva.

"Mwanangu," akaniambia, "mashine yenu haina njiani. Nilimwambia yule kijana siku ya mafunzo, akasema nitazoea."

Nilikaa kwenye gunia la saruji nikalisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa. Yalikuwemo mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniambia, kwa kuwa sikuwahi kuuliza: tani iliyotoa vipande vingi kuliko kawaida, na pembeni ameandika "nyepesi", rangi iliyorudishwa na mteja, mifuko ya saruji iliyolowa na sababu yake. Mfumo niliokwenda kuutafuta kwenye ukumbi wa hoteli, nusu yake ilikuwa kwenye droo ya stoo yangu. Siku ile nilimwomba mzee radhi, na naihesabu kuwa ndiyo siku biashara yetu ilipogeuka.

Mwaka 2023 tulianza upya, safari hii kwa kufuata mzigo. Mimi, mke wangu, mzee, keshia na mhasibu tulitembea na bidhaa wiki nzima, tangu lori la kiwandani linapopiga honi getini mpaka fedha inapoingia benki. Tukaandika matukio 14 yanayotupata kila wiki, kwa maneno yetu wenyewe. Kwa mfano: "Tumepokea tani tatu za nondo ya 12, tumeuza vipande saba, viwili vimerudi." Au: "Mzigo umetoka Igoma, umelala Kigongo, umefika Geita umepungua kipande kimoja." Au: "Fundi amekopa, amelipa nusu kwa simu, nusu kwa fedha taslimu."

Tuliwaita wauzaji watatu, tukawaambia hatutaki grafu. Kila mmoja alipewa matukio yale 14 na bidhaa zetu halisi, ayaonyeshe mbele ya wale watakaoyafanya. Wafanyakazi ndio waliotoa alama. Mmoja alikwama kwenye tukio la pili. Tulichomoa waya wa intaneti tukamwambia kila mmoja wao, "Sasa uza." Hapa kwetu mtandao hupotea na umeme hukatika, na mfumo usioweza kuuza siku hiyo hautufai. Tulidai kuona kwa macho risiti ya EFD ikitoka moja kwa moja kwenye mfumo. Ahadi kwamba itaunganishwa baadaye hatukuipokea tena.

Halafu tukapiga hesabu ya miaka mitano. Kwetu Usukumani mtu akinunua ng'ombe hatazami bei ya mnadani tu. Anafikiria malisho, josho, chanjo na mchungaji. Leseni nyingi hulipwa kwa mwezi, kwa kila mtumiaji, na baadhi kwa dola, kwa hiyo shilingi ikishuka bili inapanda. Kuna gharama ya kuhamisha taarifa, mafunzo, marekebisho, intaneti ya akiba na betri. Mfumo uliokuwa na leseni ya chini kuliko yote ulikuja kuwa wa pili kwa ughali, kwa sababu kila badiliko dogo lililipiwa. Wenye msimbo wa bure nao haukuwa bure: seva inalipiwa, na fundi anayeujua analipwa. Lakini tuliweza kumbadilisha fundi bila kubadilisha mfumo, na hilo tulilipa uzito.

Swali langu la mwisho kwa kila muuzaji lilikuwa hili: nikitaka kuondoka kwenu, taarifa zangu zinatoka vipi, kwa muda gani, na kwa bei gani? Aliyejibu kwa kunung'unika tulimwacha. Taarifa zile ndizo madeni yangu, wateja wangu na ushahidi wangu mbele ya TRA. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatugusa hata sisi wenye majina na namba za simu za mafundi, kwa hiyo tulidai mkataba useme zinahifadhiwa wapi na nani anaziona.

Kazi ngumu kuliko zote haikuwa na kompyuta ndani yake. Orodha yetu ilikuwa na bidhaa 2,300. Msumari wa inchi tatu peke yake ulikuwa na majina matano, kila keshia na lake. Mzee na keshia walikaa miezi miwili wakisafisha, wakabakiza 1,180. Tarehe 30 na 31 Desemba tulifunga duka na tawi tukahesabu kila kitu kwa mkono, na Januari 1, 2024 tukaanza na namba zilizohesabiwa. Tulianza na stoo na mauzo tu. Mwezi mzima kaunta buku liliendelea kando, na kila jioni tulilinganisha. Uhasibu uliingia Aprili, mishahara Julai. Waliotushauri tuwashe vyote siku moja hatukuwasikiliza.

Matunda yake ni haya. Mwezi tunaufunga kwa siku nne, na ritani ya VAT inaondoka kabla ya tarehe 10. Mke wangu yuko nyumbani saa kumi na mbili jioni. Ripoti ya mali isiyotembea ilituonyesha bidhaa za shilingi milioni 46 zilizokaa zaidi ya mwaka bila kuuzwa, zikiwemo gundi za vigae zilizoganda kwenye mifuko. Mwezi ripoti hiyo ilipotoka nilikuwa nimeshajaza fomu za mkopo wa benki. Nilizichana. Tuliuza kile kinachouzika kwa bei ya hasara ndogo, na fedha hiyo ikanunua mzigo unaotoka.

Kuna mengine hayajakaa sawa. Wapo vijana wawili waliotuacha kwa sababu mfumo uliwabana, na bado hatujaweza kuwafuatilia vizuri mafundi wanaokopa kwa majina ya wenzao. Programu haimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Inachofanya ni kuonyesha haraka mahali pa kuuliza.

Mzee ameshastaafu. Daraja la J.P. Magufuli lilizinduliwa Juni 2025, na fuso zetu sasa zinatoka Kigongo hadi Busisi kwa dakika chache. Lakini ndani ya mfumo wetu ipo stoo isiyo na ukuta wala mlinzi, inaitwa Njiani, na mzigo wowote unaotoka Igoma hupita humo hadi mpokeaji wa Geita athibitishe kwa mkono wake. Ni safu ya katikati ya daftari la mzee.

Ndugu yangu unayetaka kununua mfumo, sikutajii niliouchagua, kwa sababu duka lako si langu. Nakuomba jambo moja. Kabla hujampigia muuzaji yeyote simu, nenda stoo kwako asubuhi, mwamkie anayekutunzia mali, mwombe akuonyeshe anachoandika na kwa nini anaandika hivyo. Keti naye mpaka umwelewe. Ukitoka hapo ndipo uite wauzaji, na yeye awepo.