Kuingia Si Kushika



Sisi watu wa Lubumbashi theluji tunaijua kwa picha. Nchi yetu inayo, juu ya Ruwenzori, mpakani na Uganda, ambako kilele cha Margherita hufikia mita 5,109. Lakini ni wachache kati yetu waliowahi kuiona. Msishangae basi tukiwaletea tafakari juu ya buti na vifungio vya skii, vile vinavyotumiwa na washindani wa kupanda milima yenye theluji. Somo hili tulilipata mezani, katika nyumba ya padri, tukiwa tumekwisha kuvuka umri wa miaka hamsini. Mzizi wake, hata hivyo, uko Katuba, kwenye baiskeli yetu wenyewe.

Mdogo wetu ni padri, na kwa miaka kadhaa sasa anatumika katika bonde moja la mkoa wa Aosta, nchini Italia. Tulimtembelea mwezi wa Februari. Vijana wa parokia yake, wakishatoka Misa ya asubuhi, hupanda mlima kwa skii, kisha huteremka kwa skii zilezile. Hawabebwi na magari ya kamba. Chini ya skii hubandika kitambaa chenye manyoya mafupi yaliyolala upande mmoja, kinachoteleza kwenda mbele na kukataa kurudi nyuma. Hapo zamani ilikuwa ngozi ya sili. Wakati wa kupanda kisigino huwa huru, huinuka kila hatua kama cha mtu atembeaye. Wakifika juu hubandua kitambaa, hufunga kisigino, na kushuka kwa kasi. Katika mkoa huo huo lipo shindano la Mezzalama, lililoanza 1933, ambapo washindani huvuka barafu ya Monte Rosa watatu watatu, wakiwa wamefungwa kamba moja. Mchezo wenyewe umeingizwa katika programu ya Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Milano-Cortina ya 2026.

Mtu anayeinua skii yake maelfu ya mara kwa siku huhesabu kila gramu. Kifungio cha kawaida cha kuteremkia hukaribia kilo 1 kwa mguu mmoja. Kile cha mashindano hakifiki gramu 200. Njia ya wepesi huo ilifunguliwa na Fritz Barthel wa Austria katika miaka ya 1980. Alikuwa amechoshwa na vifaa vizito alivyopanda navyo Mont Blanc, akatambua kwamba buti lenyewe ni gumu vya kutosha, wala halihitaji fremu ya chuma chini yake. Akatia vitundu viwili vya chuma katika pande mbili za ncha ya buti, na kibati chenye mifuo kwenye kisigino. Mbele, pini mbili zinazosukumwa na springi hubana vile vitundu, kama vidole viwili vinavyoshika punje ya hindi. Nyuma, pini mbili nyingine huingia katika mifuo ya kisigino. Zaidi ya hayo hakuna kitu.

Mdogo wetu alikuwa amepata zawadi mbili. Mshindani mmoja aliyestaafu alimpa skii zake, vifungio vikiwa juu yake. Familia nyingine ilimpa buti nyepesi, karibu mpya. Jumapili iliyofuata alitakiwa kupanda na vijana kwa mara ya kwanza, naye alikuwa na furaha ya mtoto. Tulipomwonya juu ya umri wake, alitukumbusha kwamba Papa Pio XI, alipokuwa bado padri Achille Ratti, aliupanda Monte Rosa kutoka Macugnaga mwaka 1889.

Ijumaa usiku aliweka skii mezani, akaingiza buti. Mbele ikalia: ka! Akabonyeza kisigino. Ka!

“Umesikia, yaya? Imeingia.”

Tulisikia. Lakini macho yetu yaliona jambo jingine. Kati ya kisigino cha buti na kile kifungio cha nyuma palikuwa na nafasi iliyoweza kupitisha kidole, na pini za nyuma zilikuwa zimeshika kwa ncha zake tu. Tukanyamaza. Tulikuwa wageni. Tulitoka katika mji ambao tangu Mei hadi Septemba hauoni mvua ila kwa nadra, sembuse theluji. Nani angetusikiliza sisi juu ya skii, tena katika bonde ambalo watoto wake huteleza kabla ya kujua kusoma?

Tukaenda kulala, lakini usingizi haukuja. Iliyokuja ni ile baiskeli.

Miaka mingi iliyopita jirani yetu wa Katuba alikuwa na mtoto wa kiume aliyetafuta karo ya shule kwa kubeba makala. Tulimwazima baiskeli yetu. Nati moja ya gurudumu la mbele ilikuwa imepotea, nasi tukanunua nyingine sokoni, miongoni mwa vipuri vilivyokwisha kutumika. Haikuwa ya aina ile. Ilizunguka mara mbili, ikagoma, tukaikaza kwa nguvu, ikashika. Tuliona kwamba meno yake hayakulingana na meno ya ekseli. Tulijiambia kwamba maadamu imeingia, inatosha. Kijana alikuwa akirudi na magunia mawili kwenye mteremko, gurudumu likatoka. Mguu wake ulivunjika chini ya goti, ukaunga vibaya. Mpaka leo anachechemea. Na sisi tulikuwa walimu wa walimu. Kila mwaka tuliwafundisha vijana wa ualimu kwamba jibu lililofanana na sahihi si jibu sahihi.

Asubuhi tulimwambia mdogo wetu yote, ya nafasi ile na ya nati ile. Habari ya nati alikuwa haijui. Kwanza alikasirika. Alisema waliompa zawadi ni watu waliokulia juu ya theluji, kwamba kuzipeleka kwa fundi ni kuwaonyesha kuwa hawaaminiwi, na kwamba vijana wangemwona mwoga. Tulimjibu neno moja tu: “Padri, Achille Ratti alipanda kwa buti zake.” Hakucheka, lakini alichukua ufunguo wa gari.

Fundi alikuwa mzee mtaratibu. Hakuuliza namba ya kiatu. Alitazama ubavuni mwa kisigino, ambako urefu wa soli umeandikwa kwa milimita, akasoma 292. Kisha akapima skii: kifungio cha nyuma kilikuwa kimefungwa kwa skrubu mahali pa soli ya milimita 297. Buti mbili zaweza kuwa na namba moja dukani na soli zake zisilingane. Kifungio kizito cha kawaida kina reli, husogezwa mbele na nyuma kufuata mguu wa yeyote. Vifungio vingi vya mashindano vimenyimwa reli hiyo ili kupunguza gramu. Vimetobolewa kwa buti moja, na mguu mwingine havifuati. Aina ile ilitaka milimita 4 kati ya buti na kifungio. Padri wetu alikuwa na 9. Nyingine hutaka kisigino kiguse kabisa. Ndiyo sababu mtu husoma agizo la aina yake, asifuate la jirani.

Alituonyesha kwa mkono kile ambacho kingetokea. Aliegemeza skii katikati juu ya kigogo kimoja, akazikandamiza ncha zake mbili kama inavyojipinda mtu anapopita juu ya tuta. Kisigino kikatoka bila kelele. “Kwa kasi ya mteremko,” alisema, “hapo ndipo anapoanguka.”

Kisha akaendelea kutufundisha, na sisi tukaandika, kwa kuwa mwalimu haachi kalamu. Kifungio kina kazi mbili zinazopingana: kuushika mguu usitoke bure, na kuuachia mtu aangukapo, usivunjike. Katika vifungio vingi vyepesi nguvu ya kuachia imepangwa kiwandani, haina skrubu ya kuipunguza kwa mtu mwepesi wala kuiongeza kwa mtu mzito. Kile kiwiko cha mbele kikivutwa juu wakati wa kupanda hufunga kabisa, na kilichofungwa kabisa hakiachii. Kwa miaka mingi vile vitundu vya buti havikuwa na kipimo kimoja kilichokubaliwa na watengenezaji wote. Kwa hiyo buti la chapa hii na kifungio cha chapa ile hujaribiwa pamoja, mkononi, kabla ya mlima. Vitundu huchakaa. Barafu hujaa ndani yake na chini ya springi, pini zisifunge sawasawa. Tena buti nyingine za mashindano zimekatwa ukingo wa mbele kwa ajili ya wepesi, nazo hazishiki njumu za barafu zinazotegemea ukingo huo.

Dawa ilikuwaje? Tundu jipya, milimita 5 kutoka la zamani, lingekuwa karibu nalo mno na kuidhoofisha skii. Fundi alifunga kibati chembamba chenye reli chini ya kifungio cha nyuma, akakisogeza mpaka kipimo chake cha milimita 4 kikapita bila kulegea. Kibati kiliongeza gramu chache. Uzito ule ndio uliokipa kifungio uwezo wa kuupokea mguu wa mtu mwingine. Kibati kilihitaji kuagizwa kwanza, kwa hiyo Jumapili ile vijana walipanda bila padri wao. Alisimama nasi mlangoni pa kanisa akiwatazama, wala hakusema neno. Yule mshindani mstaafu alipopata habari alijishika kichwa: hakuwahi kufikiri juu ya soli, maana skii zile hazikuwahi kuvaa buti nyingine isipokuwa zake. Zawadi yake ilitoka moyoni, na ingeweza kuua.

Ndugu wapenzi, tumeona tuwaandikie kwa kuwa kunyamaza kwetu usiku ule hakukuwa adabu. Kulikuwa woga uleule wa zamani, umevaa nguo ya ugeni. Aliyeona nafasi kati ya vitu viwili, hata kama si fundi, anadaiwa kuisema.

Tuliporudi Katuba tulimpelekea kijana yule, ambaye sasa ni baba wa watoto wanne, picha ya padri akiwa juu ya theluji, amesimama kwenye skii zake. Tukamweleza habari ya milimita 5, na kwa mara ya kwanza tukamwambia kwamba ile nati tuliiona kabla hatujampa baiskeli. Aliitazama picha muda mrefu.

“Kumbe mliiona,” alisema. Kisha akavuta kiti, akatukaribisha tuketi.