Mabehewa Yaliyokuwa Yakivuka Ziwa

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, redio ilizungumzia ndege. Nani achukue ipi, nani anamdai nani, nani aliyeanza uchokozi. Pale Maganzo, nje ya geti la mgodi wa almasi wa Mwadui, wengi wetu tulikuwa hatujawahi kupanda ndege ya shirika la Jumuiya, na wazee walisikiliza habari hizo kama kesi ya shamba la ukoo mwingine. Mpaka mashine ya kusaga ya baba ilipogoma.

Ilikuwa mashine ya dizeli ya silinda moja, iliyotengenezwa Uingereza, na mlio wake ulifika mbali kuliko kengele ya shule. Kilichokufa kilikuwa nozeli, kidude kinachoenea kiganjani. Miaka ya nyuma baba angemwandikia wakala Nairobi, akatuma fedha kwa posta, kisha akangoja. Kifurushi kingeshuka kwa treni hadi Kisumu, kikavuka ziwa hadi Mwanza, kikapanda treni tena mpaka Shinyanga, na basi lingekileta kwetu. Hakuna aliyeiona njia hiyo kuwa ya ajabu. Ilikuwa njia tu.

Nilipokua ndipo nilipoelewa ilivyofanya kazi. Katikati ya miaka ya 1960 zilianza kazi ziwani meli mbili za kubeba mabehewa, Umoja na Uhuru, zenye reli juu ya sitaha. Behewa lililopakiwa Nairobi liliingizwa melini Kisumu na kutolewa Mwanza bila mtu kugusa gunia hata moja, kwa kuwa reli ya Kenya na ya kwetu zilikuwa za upana uleule wa mita moja. Shirika la reli lilikuwa moja, karatasi za mzigo zilikuwa za aina moja, na ushuru ulikuwa wa idara moja. Mfanyabiashara wa Shinyanga kwa hakika alikuwa karibu na Nairobi kuliko na Dar es Salaam.

Februari 1977 serikali yetu ikafunga mpaka na Kenya. Meli ziligawanywa, Umoja ikabaki huku, Uhuru ikabaki kule. Ila karakana kuu ya reli ilikuwa Nairobi. Shirika jipya la reli lilirithi injini na mabehewa, likaacha upande wa pili mafundi, vipuri na hata majalada ya matengenezo. Mambo hayo hayakutajwa kwenye hotuba. Mzigo wa Kanda ya Ziwa sasa ulitakiwa kupanda kutoka bandari ya Dar es Salaam, kama kilomita 1,200 za reli kupitia Tabora, kwa injini zilizokuwa zikikosa spea kama mashine ya baba.

Kina mama wakarudi kwenye mawe na vinu. Mayu, yaani mama, alikuwa akimtania baba kwamba Jumuiya imemvunjikia yeye mgongoni. Nozeli ilipatikana hatimaye kwa mtu aliyekuja na basi kutoka Tarime, karibu na mpaka wa Kenya, imefungwa ndani ya kitenge, kwa bei ambayo baba hakuitaja hadi anafariki. Kwa njia hiyohiyo zilikuja sabuni na mafuta ya kupikia ya Kimbo. Mpaka uliofungwa haukuzuia mali, uliihamisha tu kutoka behewani kwenda kichwani kwa mtu, na ushuru uliokuwa ukiingia serikalini ukaishia mifukoni mwa watu. Kisha ikaja 1983 na msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine, na hata mwenye katoni mbili za sabuni akalala na hofu.

Novemba mwaka huohuo mpaka ukafunguliwa, na Mei 1984 mgawanyo wa mali ukatiwa saini Arusha, baada ya usuluhishi mrefu wa Mswisi Victor Umbricht. Nilidhani mabehewa yatarudi kama zamani. Hayakurudi. Wafanyabiashara walikwishazoea njia ya barabara ya Sirari, mpakani, na malori yakachukua kazi ya meli. Waliokuwa watumishi wa Jumuiya waliendelea kudai mafao yao kwa miongo, wakikaa barabarani Dar es Salaam wakiwa wazee wa mikongojo.

Mwaka 2000 Tanzania ikajitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Safari hii Maganzo hatukuhisi kishindo, nami nadhani najua sababu mojawapo: tulibaki kwenye mpango wa kadi ya njano, ile bima ya magari inayovuka mipaka ya nchi za COMESA. Tulitoka kwenye umoja, lakini gari lililokatiwa kadi hiyo halikulazimika kukatiwa bima upya kila mpakani. Kuna afisa fulani aliyefikiria jambo dogo kama nozeli, na ningependa kumpa mkono.

Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ilianza umoja wa forodha Januari 2005, na bidhaa za Kenya zimejaa tena madukani Maganzo, zikija kwa barabara. Reli ya kisasa nayo inajengwa kati ya Mwanza na Isaka. Ni ya umeme. Reli ya kisasa ya Kenya ni ya dizeli, na hizo mbili hazikutani popote. Karibu miaka hamsini baada ya kugawana meli, hakuna aliyeturudishia behewa linalotoka Nairobi hadi Shinyanga bila kushushwa.