Kompyuta ya Nyumbani Inapougua: Tupime Kabla ya Kulaumu



Katika nyumba nyingi siku hizi kompyuta imekuwa kama kabati la familia. Ndani yake mna picha za ubatizo na za harusi, vyeti vya watoto, barua za kuomba kazi, na kwa wengi wetu tunaotumika katika vikundi vya wanawake kanisani, mna hesabu za michango. Kabati hilo likigoma kufunguka, nyumba nzima huhangaika. La kusikitisha ni kwamba mara nyingi huanza kutafutwa mtu wa kulaumiwa kabla ya kutafutwa ugonjwa.

Nyumbani kwetu dalili zilianza wakati wa likizo. Kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa dakika mbili sasa ilichukua robo saa. Kioo kilibaki cheusi, kisha kidirisha kidogo kilijitokeza na kutoweka kabla hatujakisoma. Siku ya tatu, flashi ya kikundi chetu cha akina mama ilipochomekwa, folda zote zilionekana na alama ya mshale, na nyingine hazikufunguka kabisa. Humo ndimo zilimokuwa hesabu za mfuko wa kusaidia wajane: nani ametoa, nani amekopa, nani amebakiza. Mkutano wa kufunga hesabu ulikuwa umebakiza wiki moja.

Baba yao alimwita kijana wetu wa kidato cha nne, kwani ndiye aliyekuwa akicheza michezo katika kompyuta hiyo usiku. Kijana alikana, machozi yakimlenga. Wadogo zake walinyamaza. Usiku ule, wazazi wawili, tulikubaliana jambo moja: hukumu isubiri vipimo.

DALILI SI UGONJWA

Sisi tulio katika kazi ya uuguzi tunajua hatari ya kutibu kwa kubahatisha. Zamani kila homa iliitwa malaria. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa, kwa kuwa homa ina sababu nyingi.

Kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Kuchelewa kuwaka kunaweza kuletwa na diski iliyochakaa, kumbukumbu ndogo, programu nyingi zinazojiwasha pamoja, vumbi linaloifanya ipate joto, au umeme kukatika ghafla wakati kazi inaendelea. Na kunaweza kuletwa na virusi. Anayesema "ni virusi tu" bila kupima hana tofauti na anayesema "ni malaria tu".

KWA NINI VIRUSI HUPENDA SAA YA KUWASHA

Kompyuta inapowashwa, husoma maagizo kwa mpangilio, moja baada ya jingine. Programu haribifu ikijipenyeza katika maagizo hayo ya mwanzo, itaamka kila kompyuta inapoamka, na pengine itaamka kabla ya mlinzi.

Hila hii si ngeni. Mwaka 1986 kirusi kilichoitwa Brain, kilichotoka Lahore, Pakistan, kilijificha katika sehemu ya kwanza ya diski laini, yaani ile inayosomwa mapema kabisa. Mwaka 2005 ilifichuliwa kwamba baadhi ya sidii za muziki za kampuni ya Sony BMG zilikuwa zikiingiza katika kompyuta za wateja programu iliyofichwa isionekane katika orodha za Windows. Watu walinunua muziki kwa nia njema, nao wakaingiza mgeni wasiyemjua. Basi tusidhani kwamba kila kompyuta yenye virusi imetumiwa kwa mambo machafu. Mara nyingi mwizi huingia na mgeni mwema.

HATUA TULIZOFUATA

Kwanza, tuliandika dalili katika daftari: zilianza lini, nini kiliongezwa siku zile, flashi gani zilichomekwa. Daftari hili ni kama kadi ya mgonjwa. Bila hilo kila mtu husimulia lake.

Pili, tulimtenga mgonjwa. Tulizima intaneti, tukaacha kuchomeka flashi nyingine, na tukakubaliana kwamba hakuna mtu atakayeandika neno la siri la benki wala la barua pepe katika kompyuta ile mpaka ipimwe. Kuna virusi ambavyo kazi yake ni kukaa kimya na kuandika kila herufi tunayobonyeza.

Tatu, tulinakili picha na hati muhimu kwenye diski ya nje. Hatukunakili programu yoyote, kwani ndimo virusi hupenda kujificha zaidi. Diski hiyo nayo iliwekwa kando ili ipimwe kabla ya kufunguliwa kwingine, maana hata hati inaweza kubeba uchafu.

Nne, tuliiwasha kompyuta katika hali ya usalama. Kwa Windows 10 na 11, bonyeza kitufe cha Shift bila kukiachia huku ukichagua kuwasha upya, kisha ufuate maelekezo ya kioo. Katika hali hii kompyuta huwasha yale ya lazima tu. Ikiwaka vizuri hivyo, shaka inaelekea kwenye programu zilizoongezwa baadaye. Yetu iliwaka kwa nafuu, lakini bado ilijikokota. Hilo nalo tuliliandika.

Tano, tuliangalia orodha ya programu zinazojiwasha. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha utafute sehemu inayoonyesha zinazoanza na kompyuta. Soma jina la kila moja na la aliyeitengeneza. Usiyoijua usiifute, bali izuie isijiwashe, kisha uulize. Wala usidanganywe na jina zuri, kwani programu haribifu huweza kujipa jina linalofanana na la Windows. Kwetu tulikuta moja isiyo na mtengenezaji, yenye jina la herufi zisizosomeka.

Sita, ndipo tukapima. Microsoft Defender huja pamoja na Windows 10 na 11 bila malipo. Tulirudisha intaneti kwa muda ili mlinzi apate taarifa za virusi vipya, kisha tukaiagiza ikague kompyuta nzima. Kazi hiyo ilichukua saa kadhaa. Baadaye tuliagiza ukaguzi wa pili, ule unaofanyika nje ya Windows. Kompyuta hujizima na kuwaka upya, na mlinzi hukagua kabla Windows haijaamka, kwa takriban dakika 15. Huo ndio muhimu kwa virusi vilivyojificha: mwizi hawezi kumziba macho mlinzi akiwa bado amelala. Hifadhi kazi zako zote kabla ya kuuanza.

Tahadhari mbili hapa. Usiweke programu mbili za kukinga virusi zifanye kazi kwa wakati mmoja, kwani huzuiana na kuichosha kompyuta. Na likitokea tangazo kwenye kioo linalopiga kelele kwamba una virusi na kukutaka upige simu namba fulani au ulipe, usipige. Hao ni matapeli.

TULICHOKIKUTA

Ukaguzi ulikamata kirusi cha aina ile inayojinakili kutoka flashi hadi kompyuta. Huficha folda halisi na kuweka mishale mahali pake, na anayebofya mshale hukiamsha. Taarifa ya mlinzi ilionyesha pia mahali kilipokuwa: ndani ya kompyuta na ndani ya flashi ya kikundi. Tulilinganisha na daftari letu. Kilijitokeza siku ileile flashi iliporudi kutoka steshenari, ilikopelekwa kuchapa risiti za michango. Michezo ya kijana haikuwa na doa.

Hesabu za wajane hazikupotea. Tuliiagiza Windows ionyeshe vilivyofichwa, na folda zote zikaonekana. Akina mama wengi wakiona mishale ile huambiwa flashi ifutwe yote. Tafadhali msikubali haraka. Mara nyingi mali yenu ingali humo imefunikwa tu.

Jioni ile baba yao alimwita kijana na kumwomba radhi mbele ya wadogo zake. Kijana alitikisa kichwa tu, lakini kesho yake alikaa nasi akisaidia kukagua flashi zote za nyumbani, moja baada ya nyingine.

Hata hivyo kompyuta iliendelea kuchelewa. Fundi aliipima diski, akaonyesha sehemu zilizoanza kuharibika. Mgonjwa alikuwa na maradhi mawili! Tungetosheka na lile la kwanza, la pili lingeondoka na picha zote za watoto. Tulinunua diski mpya, na mkutano wa hesabu ulifanyika kwa wakati.

BAADA YA MATIBABU

Mgonjwa akipona, nyumba husafishwa. Yafaa kila familia ifanye haya:

Badilisha maneno ya siri ya benki na barua pepe kwa kutumia simu au kompyuta nyingine iliyo safi.

Kagua kila flashi kabla ya kuifungua, hasa iliyotoka steshenari au shuleni. Ukienda kuchapa, tumia flashi isiyo na kitu kingine.

Weka nakala ya mambo muhimu katika diski inayokaa kabatini, isiyochomekwa kila wakati.

Ruhusu marekebisho ya Windows. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza, na wagonjwa wakarudishwa nyumbani, ilhali marekebisho ya kukizuia yalikuwa yametolewa tangu mwezi Machi. Kumbuka pia kwamba usaidizi wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Anayeitumia hana budi kupanga kuhamia toleo jipya.

Epuka programu za kulipiwa zinazogawiwa bure mitaani. Cha bure namna hiyo huja na mwenyewe ndani.

Akina mama wapendwa, Nehemia alipofika Yerusalemu hakuanza kwa kulaumu mtu. Alitoka usiku na watu wachache, akaukagua ukuta mahali palipobomoka, ndipo akasema na watu habari ya kujenga. Nasi tufanye hivyo katika nyumba zetu. Diski hununuliwa nyingine na flashi ni ya bei ndogo, lakini moyo wa mtoto aliyeitwa mwongo bila ushahidi hauna duka. Kitu kikiharibika nyumbani, tuwashe taa, tuchukue daftari, tukague pamoja na watoto wetu. Na hata kama mwenye kosa ni mtoto, ukweli uliopatikana kwa utulivu utamfundisha kuliko ukali.

Mungu azibariki familia zenu.