Reale ya Fransa

Wazazi wenzangu, na ninyi wanafunzi wa darasa la wakubwa ambao najua mtausoma ukurasa huu kabla ya wazazi wenu: wiki hii nawaomba mfungue lile kopo la biskuti lililo juu ya kabati. Ndani mna vyeti vya kuzaliwa, picha za harusi, hereni moja isiyo na mwenzake, na pengine sarafu moja kubwa nyeupe ambayo hakuna nyumbani anayejua ilikotoka.

Hapa shuleni kwetu Saltley nimeshaonyeshwa sarafu za namna hiyo na familia za Unguja, Lamu na Ngazija. Kadhaa ni za Ufaransa, zimeandikwa 5 FRANCS. Watoto huuliza swali la haki kabisa: bibi wa Unguja alikuwa na shughuli gani na pesa za Wafaransa?

Bibi hakusema faranga tano. Alisema reale. Karne ya 19 pwani yetu ilipokea fedha ya kila nchi, na kila moja ilikuwa na jina lake. Edward Steere, aliyetoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870, aliyaandika majina hayo: reale ya Shamu, yenye picha ya malkia Maria Theresa wa Austria, reale ya mzinga ya Hispania, kwa sababu nguzo zake mbili zilionekana kama mizinga, na reale ya Fransa. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Ufaransa mwaka 1844, na wafanyabiashara wa Marseille wakaja kununua ufuta wa kukamulia mafuta. Lakini tusiwadanganye watoto. Miaka ya 1850 meli za Ufaransa zilichukua pia watu kutoka pwani ya Kilwa kwenda mashamba ya Réunion, wakaitwa "wafanyakazi huru". Sarafu haikuambii ilinunua nini.

Inachoweza kukuambia ni kama ni ya kweli, na hapo ndipo ninapotaka mwe macho. Mzazi mmoja wa hapa kwetu alipeleka reale ya marehemu bibi yake kwa mnunuzi mmoja. Yule bwana akaigonga mezani, akasikiliza mlio, akasema ni bandia, ila atamwondolea mzigo kwa pauni tano. Nilimuuliza mama yule: kama ni bandia, yeye anaitakia nini?

Tukaipima wenyewe Jumamosi iliyofuata, watoto wakiwa wameizunguka meza.

Kwanza mizani. Reale ya Fransa ikiwa mpya ina gramu 25, na upana wake ni milimita 37. Iliyopita mikono mingi hupungua kidogo. Ile ilikuwa 24.8. Ikipungua gramu mbili nzima, anza kuwa na wasiwasi. Kisha sumaku: fedha haivutwi. Kisha ukingo, ambao watu wengi husahau kuutazama. Zungusha sarafu polepole kwenye mwanga utafute maneno DIEU PROTEGE LA FRANCE, yaani Mungu ailinde Ufaransa. Zile za wafalme Louis XVIII na Charles X zina maneno ya Kilatini badala yake. Bandia iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi huwa na mstari wa kiungo ukingoni, na herufi zake zimelegea kama sabuni iliyotumika.

Halafu igeuze kama unavyofungua ukurasa wa kitabu. Sarafu ya pauni ukiigeuza hivyo, upande wa pili unabaki wima. Ile yenye Napoleon III, au yenye watu watatu waliosimama (ni Hercules katikati ya wanawake wawili), upande wa pili hutokea miguu juu. Ya watu watatu yenye mwaka wa baada ya 1878 iwekeni kando: mwaka huo ndipo Ufaransa ilipoacha kuzitoa. Herufi ndogo chini huonyesha kiwanda. A ni Paris, K ni Bordeaux, BB ni Strasbourg.

Kipimo cha maji ndicho watoto walichokipenda. Tafuta mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Weka kikombe cha maji juu yake, irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Yetu: 24.8 kwa 2.4, ikatoka 10.3, ambayo ndiyo ya fedha yenye sehemu 900 kwa 1,000. Shaba tupu ingetoa karibu 9. Iliyotiwa kitanzi cha mkufu kwa lehemu haipimiki vizuri hivi, ila ukingo wake bado unasomeka.

Ndani ya reale kama hiyo mna gramu 22.5 za fedha safi. Tazameni bei ya fedha ya siku hiyo, mzidishe, kabla hamjaingia duka lolote. Mama yule bado anafikiria kuiuza, na ni haki yake. Bili ya gesi haisubiri.

Reale ya Shamu ina mambo yake. Hiyo huandikwa 1780 daima, kwa sababu ndio mwaka aliokufa Maria Theresa, na viwanda vikaendelea kuigonga kwa mwaka uleule. Paris waliigonga. Hata kiwanda cha sarafu cha hapa Birmingham, kule Icknield Street, kiliigonga baada ya vita, hadi mwaka 1955. Kwa hiyo ya kwenu inaweza kuwa fedha halali, ikawa changa kuliko babu, na ikawa imezaliwa mtaa wa pili.

Jumamosi ijayo mizani na sumaku vitakuwa mezani baada ya somo la pili. Leteni mlizo nazo, zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa. Na tafadhali, ndimu na jivu viacheni jikoni. Weusi ule msiusugue: ukisugua unakwangua na herufi, na bei inashuka palepale.