Darasa Lililofuata Mwezi

Katika kijiji chetu kisiwani Ukerewe, miaka ya sabini, kulikuwa na madarasa mawili ya kisomo cha watu wazima, na yote mawili niliyafundisha mimi, msichana aliyemaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya sekondari. La akina mama lilikutana alasiri, wakishatoka shamba na kabla ya kuinjika chakula cha jioni. La wavuvi lilikutana usiku, ila si kila usiku. Dagaa walivuliwa gizani kwa karabai. Mbalamwezi ikitanda hawaifuati taa, na mitumbwi ililala ufukweni. Basi wavuvi walisoma siku za mwezi mpevu, na giza liliporudi darasa lilifungwa. Karabai za kazi ndizo zilizokuwa taa za darasa, mafuta wakiyachangia wenyewe.

Niliwaamkia shikamoo, wao wakaniita mwalimu. Babu wa makamo ya baba yake baba yangu alininyanyukia nilipoingia, nami nikaona haya mpaka nikazoea.

Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya chache zilizopewa jukumu la kufuta ujinga kwanza, pamoja na Mafia, Masasi, Pare na Kilimanjaro. Sisi wa Kanda ya Ziwa tulikuwa na kitu cha ziada. Tangu 1968 mpaka 1972 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa, na vitabu vyake ndivyo nilivyovikuta: kimoja cha pamba, kimoja cha ndizi, kingine cha uvuvi, kingine cha ufugaji. Mkulima wa pamba alianza kusoma kwa maneno ya shamba lake. Sijaona mpaka leo vitabu vya kuanzia kusoma vilivyomheshimu mtu mzima kama vile. Mama mmoja mjane, aliyekuwa akiuza pamba kwa kuamini anachotajiwa mizanini, siku moja aliisoma stakabadhi yake palepale mbele ya karani, kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu. Wenzake walijiandikisha wiki iliyofuata.

Kila darasa lilihitaji vitu vichache: chaki, madaftari, penseli, mafuta ya taa, na posho ya mwalimu wa kujitolea, ambayo ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Haukuwa mshahara. Ilikuwa njia ya serikali ya kusema kwamba inajua upo. Ilipochelewa miezi miwili, mitatu, wenzangu wa vijiji vya jirani waliacha mmoja mmoja, na hakuna aliyewalaumu. Mimi niliendelea kwa sababu nyumbani nililishwa na wazazi. Mwalimu mwenye watoto hakuwa na uhuru huo.

Majina hayakupungua, hata hivyo. Mwalimu alipoondoka, daftari la mahudhurio lilibaki na watu wake wote, na hesabu ya walioandikishwa ilipanda ngazi hivyohivyo, kutoka kijijini mpaka kwenye kata, wilayani, mkoani. Mtu aliyeandikishwa mara moja alikuwa mwanafunzi daima.

Agosti 1975 ukaja mtihani wa taifa. Watu walivaa nguo za sikukuu. Babu yule aliandika jina lake, akalitazama, akaomba karatasi nyingine aliandike tena. Takwimu zilizotangazwa zilisema kwamba wasiojua kusoma na kuandika, waliokuwa asilimia 67 ya watu wazima mwaka 1967, sasa ni asilimia 39. Mwaka 1977 wakawa 27, na kufikia 1986 chini ya 10. Nimewasikia vijana wakisema zilikuwa za kupikwa. Nilikuwepo. Nakataa. Watu wale walisoma kweli, mbele ya macho yangu.

Kilichokosekana kilikuwa cha kusoma kesho yake. Kwa muda tulikuwa nacho: maktaba ya kijiji, sanduku la vitabu ambalo funguo zake nilizitunza mimi, na gazeti la *Elimu Haina Mwisho*, lililochapwa Mwanza kwa ajili ya wasomaji wapya wa kanda yetu. Mwaka 1973 kampeni ya *Mtu ni Afya* iliwakusanya karibu watu milioni 2 nchini kote kuzunguka redio na vijitabu, nasi tukachimba vyoo kitabu kikiwa mkononi. Halafu Elimu ya Msingi kwa Wote ikaanza 1977, ikahitaji walimu haraka, na wengi wetu tuliomaliza darasa la saba tukavutwa huko. Vita vya Kagera vikaja, vikamaliza fedha za kigeni. Gazeti likaanza kuja kwa kuruka miezi. Mafuta ya taa yakawa ya foleni, na mvuvi aliyepata debe hakuweza kulitumia kwa kusoma.

Sensa ya 2002 ilionyesha kwamba karibu watu wazima 3 katika kila 10 hawajui kusoma na kuandika. Najua vipimo havikuwa vilevile, na watoto wengi wa miaka ya themanini na tisini walikua bila shule. Lakini najua pia majirani zangu waliofaulu hatua ya nne, ya juu kabisa katika mtihani ule, wakafika uzeeni wakiniletea barua niwasomee.

Hawakusahau wote. Mjane wa mizani aliteuliwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama, na kila Jumamosi alikuwa na kitabu cha michango cha kujaza. Mvuvi mmoja aliandika mapato ya mtumbwi mpaka alipostaafu ziwa. Mwingine alisoma masomo kanisani. Hao watatu walikuwa na kitu cha kuwasubiri kwenye karatasi kila wiki. Wengine tuliwaandikisha, tukawafundisha, tukawapa vyeti, na baada ya hapo bajeti haikuwa na fungu lao.